Ukanda wa Ukuta Kati ya Watu Wawili

Aliyeligundua si mimi. Ni binti mmoja aliyekuwa akijifunza kazi kwangu, siku nilipomwachia kompyuta achuje picha za kutengenezea albamu ya kuonyesha wateja. Alikaa kimya muda mrefu akipitisha picha moja baada ya nyingine, kisha akauliza bila kugeuka, "Mwalimu, hawa watu wako mbona hawagusani?"

Nikamwambia huo ndio mtindo wangu. Nilijibu haraka, kama mtu aliyetembea na jibu mfukoni siku nyingi, na wepesi huo ndio ulionishtua. Nikaenda kusimama nyuma ya kiti chake. Mume na mke, katikati yao ukuta. Baba na mwanawe, ukuta. Mapacha wa miaka sita, wa wale ambao hata usingizini hulala wameshikana, nimewakalisha kila mmoja na kigoda chake, na kati ya vigoda ukuta mweupe unachungulia. Upana wa ukanda huo ulikuwa karibu ule ule picha hadi picha, kama kiganja kilichosimamishwa kwa ubavu. Hakuna mteja aliyewahi kuniagiza hivyo. Na mimi, ninayeweza kuuona unywele mmoja uliochomoza kichwani mwa mteja nikiwa mita tatu, sikuwa nimeuona ukuta mzima.

Nyani haoni kundule. Methali hii huwa tunaitumia kwa wengine.

Miaka hiyo nilikuwa siongei na kaka yangu. Ugomvi wenyewe ulihusu nyumba waliyotuachia wazazi, na hapo ndipo nitakapoishia kuueleza, maana yeye hayupo hapa kujitetea. Tulikuwa tunasalimiana tukikutana mbele za watu, basi. Jamaa nao walikaa pembeni, kila mmoja akijikumbusha kwamba ndugu wakigombana chukua jembe ukalime, wakipatana chukua kapu ukavune. Wote walikwenda kulima. Mimi nilikwenda studio, nikawa nawaambia watu wanaopendana waachiane nafasi.

"Sogea kidogo huko." Nimelitamka neno hilo mara ngapi sijui. Na kila nilipolitamka nilikuwa na sababu, tena sababu ya kweli. Watu wawili wakibanana mbele ya taa moja, kichwa cha aliye karibu na taa humtupia mwenzake kivuli shavuni. Miwani ya huyu inaakisi shati jeupe la yule. Ukiacha nafasi mwanga unapita, na kila uso unapata haki yake. Mwalimu yeyote wa upigaji picha angenipa alama zangu zote. Ndiyo maana ilinichukua muda kukubali kwamba tatizo lipo: kilichomo moyoni hakiingii kwenye picha kwa jina lake. Kingekuja kwa jina lake ningekifukuza mlangoni. Kinaingia kimevaa nguo za ufundi. Kinakwambia lenzi hii ni safi zaidi, pembe ile inampendeza, fremu hii amefumba macho kidogo, iache. Unakubali, kwa sababu ni kweli. Hujiulizi kwa nini, kati ya mambo kumi ya kweli yaliyokuwepo pale, kila siku unachagua hilo hilo moja.

Kuna picha moja inayonirudia. Waliletwa studio na mjukuu wao bibi wawili, ndugu wa tumbo moja, mkubwa amevuka miaka themanini. Walitaka picha moja ya kutundika ukutani. Waliingia wameshikana namna wanavyoshikana watu wanaosaidiana kutembea, huwezi kujua nani anamwegemea nani. Nikawawekea viti viwili. Walipokaa tu, mdogo akakiburuta cha kwake mpaka vyuma vikagongana. Nikakirudisha kwa adabu zote: "Samahani bibi, hapa ndipo mwanga unapokaa vizuri." Nikarudi kwenye kamera, nikachungulia, tayari bega limelalia bega. Nikaenda tena. Mara ya tatu yule mkubwa aliniangalia kwa upole, akasema, "Mjukuu wangu, sisi hatujawahi kukaa mbali hivi."

Nilicheka. Nikawaambia ni dakika mbili tu. Wakatii. Watu wa umri ule wakimwona fundi mbele yao wanadhani anajua anachokifanya.

Nakala yake ninayo. Mwanga umekaa sawa, nyuso zote mbili zimetoka, mikunjo imeonekana bila kudhalilishwa. Lakini shusha macho hadi mapajani. Mkono wa kulia wa mdogo, ule ulio upande wa dada yake, umelala kiganja juu, vidole vimekunjika nusu, kama mkono uliokuwa umeshika kitu kikaondolewa sasa hivi. Mkono wa kushoto wa mkubwa uko vile vile. Ukichukua mkasi ukauondoa ule ukanda wa ukuta, ukaziunganisha pande mbili zilizobaki, vidole vitaingiana. Nimejaribu. Nilichapisha nakala nikaikata.

Baadaye nilimpigia simu mjukuu, nikamwomba nirudie picha ile bila malipo. Akasema hapana, bibi wameshaizoea, imeshatundikwa, wageni wote wanaisifia. Hawakuwahi kulalamika. Ningefarijika kama wangelalamika.

Usiku wa siku ya lile swali sikulala mapema. Kamera za kidijitali zina tabia moja ambayo wengi wetu huikumbuka tu tunapotaka kujua picha ilipigwa lini: ndani ya kila faili huandika tarehe na saa, kasi ya shata, ukubwa wa tundu la lenzi, na urefu wa lenzi iliyotumika, yaani zile milimita zinazosema lenzi inavuta cha mbali kiasi gani. Programu ya kupangia picha inaweza kukupangia maelfu ya picha kwa urefu wa lenzi, mwezi kwa mwezi. Nikapanga. Kabla ya ugomvi, picha zangu nyingi za watu zilikuwa za milimita 50 na 85. Mwaka wa kwanza wa ugomvi, 50 ikaanza kupotea na 135 ikaingia. Kufikia mwaka wa tatu nilikuwa na 200, kila siku 200, hata kwa watoto.

Kwa asiye wa kazi hii, hesabu ni hii. Ukitaka kichwa na mabega vijaze fremu kwa lenzi ya milimita 50, unasimama kama mita moja kutoka kwa mtu. Kwa 85 ni kama mita moja na nusu, mbili hivi. Kwa 200 umefika mita nne. Watu husema lenzi ndefu hubapaza uso, lakini kinachobapaza ni umbali. Lenzi inakuza tu kile ambacho umbali umeshakifanya. Ukiwa karibu pua inakujia, masikio yanajificha nyuma ya mashavu, uso una mlima na bonde. Ukiwa mbali kila kitu kinarudi kwenye mstari mmoja. Wateja wengi wanaupenda uso wa mita nne, unawafanya waonekane nadhifu. Kwa hiyo nilikuwa na sababu, kama kawaida yangu. Ila kwa mita moja unamsikia mtu anavyopumua, na akimeza mate unaona koo likicheza. Kwa mita nne unampazia sauti kama mtu aliye ng'ambo ya barabara. Nilikuwa narudi nyuma hatua kwa hatua, miezi na miezi, na kamera ilikuwa inaandika kila hatua kama karani.

Nilimkumbuka Dorothea Lange. Picha yake ya mwaka 1936 ya mama mhamaji kule Nipomo, California, wengi wameiona hata kama hawajui jina la aliyeipiga: mama mkono shavuni, watoto wawili wamegeuzia nyuso mabegani kwake. Tunayoijua ni ya karibu kabisa. Lakini kwenye mfululizo wake zipo nyingine ambazo hema lote linaonekana, na kwa maelezo yake mwenyewe alipiga huku akizidi kusogea. Lange aliugua polio akiwa na miaka saba, akabaki akichechemea maisha yake yote, naye alikiri kwamba ulemavu ule ulimwongoza na kumdhalilisha kwa pamoja. Ukishajua hilo, angalia anavyopiga miili. Anaona uzito umelaliwa na mguu upi, mgongo umechoka wapi, mkono unategemeza nini. Sidhani kama alikuwa anajaribu kujieleza. Alikuwa anaona kile ambacho mwili wake ulimfundisha kukiona, na alikuwa anasogea. Mimi nilikuwa narudi nyuma.

Kupiga ni nusu tu ya kazi. Nusu ya pili ni kuchuja, na kwenye kuchuja mtu anajianika zaidi, kwa sababu pale yuko peke yake na hakuna anayemwangalia. Kwa mteja mmoja napiga fremu mia na kitu, nampa kumi na tano. Zile mia zilizobaki ni uso ule ule, saa ile ile, nguo zile zile. Aliyechagua kumi na tano ni nani kama si mimi na siku niliyokuwa nayo?

Mfano maarufu wa jambo hili ni mvulana mwenye bomu la mkono la kuchezea, aliyepigwa na Diane Arbus katika bustani ya Central Park, New York, mwaka 1962. Kwenye picha iliyojulikana mtoto amekaza mdomo, kanda moja ya nguo imemporomoka begani, mkono mmoja ameshika bomu la bandia na mwingine ameukunja kama kucha za ndege. Unaogopa kidogo. Lakini ile karatasi ya sampuli, yaani ile yenye fremu zote za filamu zikiwa ndogo ndogo, imeshachapishwa na watu wameiona: kwenye fremu nyingine ni mtoto wa kawaida kabisa, ameshika kiuno, anatabasamu, anajifaragua mbele ya kamera kama watoto wote. Arbus alizitazama zote akachukua ile moja. Hakumsingizia, uso ule mtoto aliutoa kweli. Ila nikiutazama siulizi tena mtoto alikuwa na nini. Najiuliza Arbus alikuwa anatafuta nini mchana ule, mpaka alipoupata akajua ndio wenyewe.

Nikarudi kwenye hifadhi yangu kwa jicho hilo. Kulikuwa na mama mmoja aliyekuja kupiga picha siku chache baada ya kustaafu. Namkumbuka kwa kicheko. Alikuwa na kicheko cha kuanzia tumboni, kinamfikia mabegani kabla hakijatoka mdomoni. Katika fremu 140 nilizompiga, anacheka kwenye 63. Nimezihesabu. Katika kumi na tano nilizompa hakuna hata moja anayocheka. Zote amegeuka kidogo kuelekea dirishani, macho yametulia, mtu anayewaza. Ni picha nzuri, na nilizionyesha mpaka nje ya studio. Mwenyewe alipozifungua alisema, "Kumbe mimi ni mtu wa huzuni hivi?" na mimi, Mungu anisamehe, nikamjibu kwamba kamera haidanganyi.

Kamera haidanganyi, sawa. Sitaki tena kulisikia neno hilo, hasa likitoka kinywani mwangu.

Hapo naomba niseme la upande wa pili, kwa sababu nimeona wenzangu wakilishika jambo hili na kukimbia nalo mbali mno. Si kila kivuli ni maisha ya mpiga picha. Niliwahi kuweka picha ya mzee mmoja kwenye maonyesho madogo, na watu wawili kwa nyakati tofauti wakanishika mkono kunieleza walivyouona uchungu wa miaka kwenye paji la uso wake. Mzee mwenyewe alikuwa ameniambia wakati wa kupiga, tena zaidi ya mara moja, kwamba viatu alivyoazimwa na mwanawe vinambana. Picha moja haikwambii chochote kuhusu aliyeipiga. Mia mbili zinakwambia. Kinachorudi rudi ndicho cha kukifuatilia: kila mtu kakatwa mikono, kila mtu yuko pembeni ya fremu, kila mtu anatazamwa kutoka chini. Irving Penn, mpiga picha wa Marekani, mwaka 1948 aliwaingiza watu mashuhuri kwenye kona nyembamba aliyoitengeneza kwa mbao mbili studio kwake, wengine wakajikunyata, wengine wakasukuma kuta kwa mikono. Kwa yule aliyejua anachofanya, kona ni kona. Mimi sikujua kwamba nimejenga ukuta.

Jambo lililonisumbua zaidi halikuhusu lenzi wala uchujaji. Yule binti alinirekodi kwa simu nikiwa kazini, alitaka kukumbuka namna ninavyopanga taa. Taa hata sikuziangalia. Niliangalia uso wangu. Ninapochungulia kwenye kamera nafumba jicho moja, nyusi zinakutana, mdomo unakazwa kama ninayefunga mzigo kwa kamba. Na uso huo ndio unaomwelekea mteja kwa saa nzima. Kwenye video ile kuna sehemu mteja anaingia anacheka, anakaa, ananiangalia, na polepole nyusi zake nazo zinaanza kukutana. Binadamu huigana nyuso bila kujua. Kitoto cha miezi michache ukikitolea tabasamu kinakurudishia, na sisi wazima hatujaacha. Nilikuwa nawapa watu sura yangu, wanaivaa, kisha naipiga picha na kuwauzia.

Yousuf Karsh, mpiga picha wa Kanada, alilijua hili kutoka upande mwingine, nadhani. Tarehe 30 Desemba 1941 Churchill, waziri mkuu wa Uingereza wakati wa vita, alikuwa Ottawa, ametoka kuhutubia Bunge la Kanada, na hakuwa ameambiwa kwamba kuna mpiga picha anamsubiri. Akakubali kwa shingo upande, na sigara yake kubwa mdomoni. Karsh akampelekea kisahani cha majivu, Churchill akakataa kuitua. Karsh akaenda kwenye kamera, akaangalia kila kitu, akarudi, akamwomba radhi na kuichomoa ile sigara mdomoni mwake. Alipofika kwenye kamera, uso aliokutana nao ndio huo ambao dunia nzima inauita uso wa Uingereza isiyokubali kushindwa. Huyo ni mzee aliyenyang'anywa sigara. Baada ya hapo Churchill alitabasamu na kumruhusu apige nyingine, na ya tabasamu ipo, ila si wengi wanaoikumbuka. Ninachokipenda katika kisa hiki ni ile hatua ya Karsh kwenda mbele. Uso ule ni jibu, na aliyeuliza swali alikuwa amesimama hatua chache tu, mkononi ameshika sigara isiyo yake.

Nilibadilisha mambo machache, mengine ya kijinga. Kamera nikaiweka kwenye miguu mitatu, nikanunua rimoti, nikawa nasimama kando yake macho yakiwa wazi, mteja aone mtu. Ile lenzi ya 200 nikaifungia kabatini kwa miezi sita. Mwezi wa kwanza ulikuwa mgumu, mikono yangu ilikuwa inaitafuta. Uchujaji siku hizi naufanya mara mbili, mara ya pili kesho yake asubuhi, na kabla sijafuta namwachia binti achague kumi na tano zake bila kuona zangu. Tukipishana sana tunabishana. Mara nyingi yeye ndiye anayeshinda, ingawa ana ugonjwa wake pia: anapenda watu waliofumba macho. Sijamwambia. Atauona mwenyewe, au ataonyeshwa.

Viti viwili nimeviuza. Nina benchi.

Nikikuza picha hadi mboni za macho zijae kwenye kioo cha kompyuta, ndani ya kila mboni kuna dirisha dogo la mwanga, hiyo ni taa yangu, na kando ya dirisha kuna kijiti cheusi kimesimama. Ni mimi. Nipo kwenye macho ya kila mtu niliyewahi kumpiga kwa karibu. Zamani nilikuwa nakifuta kwa programu, nikisema kinachafua jicho. Kwenye picha za 200 hakukuwa na cha kufuta, nilikuwa mbali mno.

Kaka yangu alikuja studio siku ya kazi, saa ya mchana. Alitaka picha za pasipoti. Alisema studio alizopita zote zilikuwa zimefungwa, nami sikumuuliza zipi.

Picha ya pasipoti ndiyo picha ambayo mpiga picha hatakiwi kuwemo. Nchi nyingi zinataka milimita 35 kwa 45, uso uchukue asilimia 70 hadi 80 ya urefu, macho wazi, mdomo umefungwa, nyuma kweupe, kivuli hakuna. Mashine ya uwanja wa ndege inataka kulinganisha uso na picha, basi. Nimepiga maelfu, na sikuwahi kuhitaji fremu zaidi ya mbili. Nikamkalisha kwenye benchi. Nikaweka 85. Nikamwambia ainue kidevu, akakiinua mno. Nikamwambia akishushe, akakishusha mno. Kwa mteja mwingine ningekwenda nikamshike kidevu, ni jambo la kawaida kabisa. Nilisimama pale na rimoti mkononi nikitafuta maneno ya kumwelekeza kwa mdomo. Kisha nikaenda. Nikamshika kidevu kwa vidole viwili, nikakiweka sawa. Kilikuwa na ndevu za siku mbili, nyingine nyeupe. Kola yake ilikuwa imekunjika upande mmoja, nikainyoosha.

Nikapiga. Nikapiga tena. Nilipofika ya tisa au ya kumi akasema, mdomo umefungwa nusu ili asiharibu, "Hii ni picha ya pasipoti au ya harusi?"

Nikacheka, na yeye kwa sekunde moja akasahau masharti. Rimoti ilikuwa mkononi. Fremu ile haifai kwa pasipoti: meno yanaonekana, kichwa kimelala upande, jicho moja limefumba. Tukasubiri nyuso zetu zitulie, nikapiga moja ya mwisho, iliyo sawa na masharti yote. Nikamkatia nakala sita nikazitia kwenye bahasha. Alizitazama akasema zinamfanya afanane na mimi. Hilo si kosa langu, nikamwambia.

Akatoa pochi akauliza ni kiasi gani. Nikamwambia atalipa siku nyingine. Akanitazama kidogo, akairudisha pochi mfukoni.

Ile fremu ya kumi nimebaki nayo. Nimeikuza mpaka kwenye lile jicho lililo wazi, na kijiti cheusi kipo, kikubwa kuliko kawaida, kwa sababu nilikuwa karibu. Suala la nyumba liko pale pale. Amepita studio mara mbili tangu siku ile. Hajalipa.